Pumzi ya Mpira

Mwalimu wetu wa mpira pale Msambweni alikuwa na vidole vyenye makovu ya shazia, sindano ile nene ya kushonea ngozi. Kila alasiri aliketi barazani akiushona mpira, kisha akipitisha kidole gumba juu ya kamba za kuufunga mdomo wake, zisije zikawachana vijana paji la uso wakipiga kichwa. Uzi aliulowesha kwa mate. Ramadhani ikiingia, aliuchovya katika kikombe cha maji. Na ni Ramadhani hasa waliyokuja watu wa Mombasa kuchagua vijana wa timu ya koloni, ingawa aliwasihi waje baada ya Idi. Jua la saa tisa liliwamaliza vijana wake uwanjani, wote wamefunga.

"Miguu wanayo," mmoja wa wageni alisema akiingia garini, "lakini hawana pumzi."

"Haya, bwana," Mwalimu alijibu, kama alivyojibu mwaka uliotangulia.

Magharibi, tende zilipokwisha kuliwa, Chirau, mshambuliaji wake, alisimama. "Mwalimu, sasa tunaweza kucheza."

Mwalimu aliitazama barabara ya Likoni, walikoondokea wageni, akafungua kamba, akauacha mpira utoe pumzi taratibu mpaka ukanywea mapajani mwake.

"Pumzi ilikuwapo, mwanangu," alisema. "Hawakuingoja."