Lugha ya Nne ya Bi Faili

Pale masijala ya hospitali kila mtu alimwita Bi Faili, naye aliitikia bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitafuta mafaili ya wagonjwa kwa programu aliyoiandika mwenyewe, katika lugha ya kompyuta ambayo siku hizi haifundishwi popote. Alijivunia jambo moja ndani yake: faili la mama lilikaa rafu moja na mafaili ya watoto wake. Ukiita la mmoja, wote wanajitokeza.

Siku moja mganga mkuu akaja na habari.

"Bi Faili, mwezi ujao kompyuta mpya zinaingia. Programu yako haitafanya kazi humo. Ukiiandika upya, sawa. Usipoiandika, tutachukua iliyo tayari."

"Hiyo iliyo tayari inapanga vipi, daktari?"

"Kwa namba."

Kwa namba! Yaani mama rafu ya kwanza, mwanawe rafu ya kumi na nne. Bi Faili alirudi kitini roho ikiwa juu juu.

Si kwamba hakuwahi kujaribu kujifunza lugha mpya ya kompyuta. Lugha ya kwanza aliianza kwa sababu gazeti liliisifu, ya pili kwa sababu ina kasi, ya tatu hata sababu hakuikumbuka. Zote aliziacha somo la tano, kila mara akiamini kosa ni la lugha.

"Shangazi, unabadilisha lugha kuliko watu wanavyobadilisha foronya," alimcheka binti wa kaka yake, aliyeishi naye na kuandika programu za kampuni moja kwenye meza yao ya kulia chakula.

"Wewe unatumia ipi?"

"Hii. Lakini si ya kisasa sana."

"Nikikwama utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mpaka unichoshe."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Jumamosi akaandika mistari yake ya kwanza. Binti akachungulia, akashika mdomo. "Shangazi! Kumi, ishirini, thelathini mbele ya kila mstari, za nini? Mistari imepanga foleni?"

Bi Faili akacheka mpaka machozi, na machozi yakakawia kukauka. Mkono ulikuwa umemrudisha wenyewe kwenye kile chumba cha madirisha ya juu alikojifunzia ile lugha yake ya zamani: kompyuta moja, wanafunzi kumi na wawili, dakika kumi kila mmoja. Mwalimu wao, waliyembandika jina la Penseli, hakumruhusu mtu kugusa kibodi kabla hajaonyesha daftari. Namba ziliruka kumi kumi ili ukisahau kitu upate pa kukichomeka. Na rafiki yake akimnong'oneza begani, "Fanya haraka, zimebaki mbili!" Nani angechagua lugha siku zile? Ilikuwepo moja, nao waliigombea.

Akafunga kitabu cha masomo. Akachukua daftari, akaandika kwa mkono jambo moja tu: kupata faili la mama mmoja. Likapatikana. Siku iliyofuata, mama na mtoto. Wiki ya tatu akakwama vibaya. Kila mama aliletewa watoto wa mwenzake. Siku ya pili ya kukwama, binti alimkuta kasimama mbele ya tangazo la lugha nyingine, rahisi ajabu.

"Shangazi!"

"Naangalia tu, mwanangu. Kuangalia nako ni kosa?"

Akarudi mezani. Kosa alilipata siku ya nne, kwenye ukurasa aliokuwa amekwisha kuupita mara sita.

Kompyuta mpya zilipowashwa, muuguzi wa wodi ya watoto alisimama dirishani na haraka zake. "Nipe la yule mama wa pacha." Bi Faili akaandika jina. Kioo cha kompyuta kikakawia kidogo, kisha mama akatokea, chini yake pacha, na dada yao mkubwa. Rafu ya nane, wote.

"Leo umekawia," alisema muuguzi, akipokea mafaili manne.

"Nivumilie, dada. Bado mgeni."

Mashine ya zamani ilikuwa imechomolewa, imewekwa sakafuni karibu na mlango. Asubuhi ile aliivuka mara mbili. Mara ya tatu akachuchumaa, akaipangusa vumbi mgongoni kwa kiganja.