Koili Niliyoihesabu kwa Tasbihi

Nyimbo za wanawake kwenye harusi zetu za Malindi alikuwa akizianzisha shangazi yangu. Alikuwa akisikiliza kwanza sauti nene ya kinanda cha umeme, akipata mlio wake, ndipo aingie. Lakini spika yetu ilikuwa ndogo, na ile sauti nene ikitoka pumzi tupu. Kwenye harusi moja kule Mambrui aliingia kombo mbele za watu, wasichana wakachekeana. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nikikosea tena kwenye harusi ya Ijumaa, naacha kuimba."

Mimi ni fundi wa redio na sipendi kushindwa na kidude. Nikaona labda transfoma iliyo kati ya kinanda na spika imechoka, nikaamua kusuka koili mpya juu ya chuma chake. Mizunguko ya waya huihesabu kwa tasbihi, punje moja kila mzunguko, tasbihi nzima mara kadhaa. Yangu ilikuwa imekatika uzi, nikaazima ya shangazi.

"Ya kumtaja Mungu hiyo, nawe waihesabia waya," akanisuta, lakini akanipa.

Ijumaa baada ya alasiri, ukumbini, nilikuwa namalizia kuunganisha ndipo nikakumbuka: tasbihi yangu ina punje tisini na tisa, yake thelathini na tatu. Nimesuka theluthi tu. Kusuka tena hakuna, bibi harusi keshaingia.

Mpiga kinanda akabonyeza. Mlio ukatoka mnene, una makali juu yake, ukajaa ukumbi mzima. Nilitaka kuruka! Nilielewa palepale: waya ni mchache, kwa hiyo chuma kimejaa sumaku upesi na hakipokei zaidi. Wimbi la umeme limekatwa kichwa, na katika kukatwa huko yamezaliwa mawimbi mengine, yenye mtetemo wa kasi mara tatu, mara tano. Hayo spika ndogo inayaweza, na sikio likiyapata hujijazia lenyewe sauti ya chini. Miaka yote nilikuwa nikilikimbia kosa hilo la kukijaza chuma kupita kiasi.

Shangazi akaingia, sawasawa, wala hakutazama mtu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Baadaye nikamwambia ukweli, na kwamba kesho nitaisuka koili upya nitimize hesabu.

"Ukiigusa hiyo, tumekosana," akasema, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba.