Nyota ya Kaskazini Juu ya Kawangware

Wiki jana niliaibika juu ya paa la ghorofa letu la Soweto East, Kibera, na heri niwaambie mwenyewe kabla majirani hawajawafikia.

Nilikuwa nimenunua kifaa kidogo cha kushikilia kamera, kinachozunguka polepole kikifuata nyota ili picha isitoke na michirizi. Mwongozo wake, ulioandikwa na watu wa nchi za baridi, uliniagiza nikielekeze kwanza kwenye nyota ya kaskazini, ile isiyosogea. Basi nikamwomba jirani yangu, Mama Akinyi, aanue nguo zake na kufungua kamba zote.

"Sawa, Prof," akasema. "Lakini picha ikikataa, hii paa ni yangu."

Giza lilipoingia, nikaiona nyota juu ya mabati ya Kawangware, nyeupe na kubwa kuliko nilivyotarajia. Niliitazama muda mrefu, nayo haikusogea hata kidogo.

"Niliishi Kawangware miaka mingi kabla ya kuhamia hapa na hiyo sikuwahi kuiona," Mama Akinyi akasema.

"Hukuwa unaangalia juu," nikamjibu kwa sauti ya darasani. Kisha nikawaeleza majirani waliopanda kutazama kwamba mabaharia waliitegemea tangu kale, na kwamba haijawahi kuzimika.

Mara stima ikapotea, taa za Kawangware yote zikazimika. Nyota yangu nayo ikazimika.

"Pole, Prof," Mama Akinyi akasema, mikono yake tayari ikifunga kamba ya kwanza. "Kumbe hao mabaharia walikuwa wanafuata taa ya mulika mwizi?"