Zamu ya Nyumba ya Mhunzi

Ukimkuta Jasmaya leo pale bombani anavyojibizana na watu, utadhani alizaliwa na ulimi ule. Si kweli. Jasmaya Bishwakarma aliletwa hapa Khorlang akiwa msichana mpole asiyeinua macho, akaolewa na Dhanbir mhunzi, na kwa miaka mingi aliishi vile wahunzi wa milima hii walivyotakiwa kuishi: nyumba iwe chini ya kijiji, ndoo ijazwe mwisho wa wote, na baraza la mtu lisikanyagwe. Miundu yetu anafua mumewe, majembe anafua mumewe, hata bawaba za milango yetu ni za mumewe, lakini mlango wenyewe, thubutu aupite! Akigusa chungu chako, maji yote yanamwagwa. Sheria ya nchi ilishakataza mambo hayo kitambo, lakini sheria iko Kathmandu, na Kathmandu ni mbali.

Basi mambo yalibadilika na hawa wageni wa kutembea milimani.

Zamani walipita hapa na makampuni ya mjini. Walikuja na mahema yao, wapishi wao, mpaka mayai yao, wakakata kuni zetu, wakatuachia vinyesi na makopo. Sisi tuliambulia kupungia mkono. Aliyesema basi, yatosha, alikuwa Purnasing Gurung. Huyu alitumikia jeshi la Waingereza akastaafu akiwa sajini, ila hapa kijijini anaitwa Kapteni, na hajawahi kumsahihisha mtu. Wazo lake lilikuwa zuri, tumpe haki yake. Wageni walale majumbani mwetu, nyumba moja baada ya nyingine, kwa zamu. Wale wali na dengu kama sisi. Faida igawanywe, msitu ubaki umesimama.

Ili waje, njia ya kupanda mpaka kilele cha malisho ilibidi ijengwe upya, ngazi kwa ngazi, kwa mawe. Kila nyumba ilitoa watu. Dhanbir alifua mitaimbo ya kuvunjia mwamba na vyuma vya kushikilia pale penye genge. Jasmaya alibeba mawe msimu mzima wa baridi, kamba ya mzigo imemkaza kwenye kipaji cha uso kama wanawake wote. Wakati ule hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni najisi. Kumbe jiwe halinajisiki!

Njia ilipokwisha, tukamfanya Kapteni mwenyekiti wa zamu, naye akatunga kanuni. Zamu haiuzwi. Mti haukatwi. Na ya tatu: usiku wa kwanza, mwenyekiti anakwenda kula na wageni katika nyumba yenye zamu, kutoka chungu kilekile, na hakuna anayeanza kula kabla yake. Alisema ni kwa ajili ya kuwatoa wageni hofu ya chakula. Wenye midomo tulisema ni kwa ajili ya kuku, maana kila wageni walipofika Kapteni alikula kuku. Kijiji kizima kiliipitisha kwa kelele za furaha.

Zamu ikaanza kwenye nyumba za juu, ikashuka, ikashuka, ikafika nyumba ya mhunzi. Ikairuka.

"Huna chumba, bibie," Kapteni alimwambia Jasmaya. Alimwambia akiwa barazani, Jasmaya akiwa chini uani.

Jasmaya na mumewe wakauza mbuzi wawili, wakajenga chumba. Kizuri hasa, sakafu ya mbao, kimepakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu, na choo pembeni. Zamu ikazunguka, ikafika, ikaruka tena.

"Wapagazi hawatakubali kuingia kwako. Unawajua wapagazi."

Jasmaya akakaa njiani, akawauliza wapagazi mmoja mmoja. Walicheka. "Mama, sisi tukishapanda mlima huu tunakula hata kwa shetani." Akampelekea Kapteni jibu hilo vilevile lilivyo. Kapteni akasema tungoje msimu ujao, watu wazoee wazo.

Hapo ndipo upole ulipomwisha. Baada ya sikukuu ya Dashain kukawa na mkutano kwenye uwanja wa shule. Jasmaya alisimama bila kuitwa.

"Kapteni, nina swali. Hawa wazungu mnaowavisha mashada ya maua, zamani babu zetu waliwaitaje?"

"Kaa chini, Jasmaya."

"Waliitwa najisi. Wanakula ng'ombe! Mzungu akigusa chungu cha bibi yako, chungu kilivunjwa. Leo mnawaingiza mpaka jikoni, wanapiga picha meko. Nani aliwatakasa? Nataka kumjua huyo mtakasaji, na mimi aje anipitie."

Watu wakaangua kicheko, hata wa juu. Kapteni uso ukamwiva. "Mambo ya mila huyaelewi."

"Nayaelewa kuliko wewe. Wewe umeyasikia, mimi nimeyabeba." Akageuka kuelekea nyumbani, kisha akarudi hatua mbili. "Kuanzia leo, moto wa mhunzi umezimwa. Hakuna mundu, hakuna jembe. Nyumba ya mhunzi ikipata zamu yake, moto utawaka."

Lazima ujue uzito wa neno hilo. Huku hatumlipi mhunzi fedha. Anatufanyia kazi mwaka mzima, mavuno yakiisha kila nyumba inampimia nafaka yake. Dhanbir akizima moto, hana chakula cha mwaka. Usiku ule alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Umetuua."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," Jasmaya akamjibu. "Ukitaka kuwasha, washa. Lakini ujue mimi nitakuwa nakumwagia maji juu ya moto wako, na mikono yangu unaijua."

Dhanbir hakuwasha. Alikuwa akiogopa, na haoni aibu kulisema hilo mpaka leo. Kila asubuhi alikaa mbele ya mivukuto yake mikono imelala magotini, watu wakija na miundu butu anawaonyesha kwa kichwa upande wa jikoni, aliko Jasmaya.

Ulezi ukaiva. Mundu butu haukati ulezi, unaung'oa, nusu ya nafaka inamwagika chini. Kapteni akakusanya miundu ya kijiji kizima, akaifunga mzigo, akashuka nayo mpaka mji wa bondeni kwa mhunzi wa huko. Mhunzi wa huko akamkaribisha vizuri, akamuuliza anatoka wapi. Khorlang? Aa. Khorlang kwa shemeji yangu Dhanbir? Pole sana mzee, leo mkono unaniuma. Wa pili naye akaumwa mkono. Wa tatu hakujisumbua hata kuumwa, alicheka tu. Kapteni akapanda ule mlima na mzigo wake uleule, na alipofika juu, ulezi wa dada yake Yamkali ulikuwa umeanza kulala chini.

Yamkali ni dada yake mkubwa wa tumbo moja na ndiye kiongozi wa umoja wa kina mama, wale wanaopokea wageni langoni kwa maua. Hapayuki ovyo. Siku ile alimwambia mdogo wake mbele ya watu, "Mdogo wangu, mpe yule mwanamke zamu yake kabla hatujala majani."

Zamu ikatoka. Wageni wanne, na kiongozi wao Sabitri, binti wa Pokhara mwenye miguu ya chuma, wakapelekwa nyumba ya mhunzi. Nyuma yao nusu ya kijiji ilishuka kuona. Mimi nilikuwamo, nisingekosa.

Jasmaya alikuwa amepika tangu mchana. Wali, dengu, mboga ya majani yaliyochachushwa, viazi, na kuku, maana kuku lazima. Wageni wakaketi kwenye mikeka wakizunguka meko. Mahali pa mwenyekiti palibaki wazi. Kapteni akaja amevaa koti lake la medali, akasimama uani, chini ya baraza.

"Karibuni chakula," alisema kwa sauti ya hotuba. "Wageni wetu waanze. Mimi leo tumbo limeniharibikia."

Dhanbir akainuka kwa mazoea, akainamisha kichwa. Jasmaya akamshika bega. "Keti. Uko kwako."

Kisha akachukua kifuniko, akafunika chungu cha wali.

"Kanuni ya tatu, Kapteni. Hakuna anayeanza kabla yako. Uliitunga mwenyewe, tukapiga makofi."

"Nimesema ninaumwa!"

"Basi tutangoja upone. Wali wangu hauna haraka."

Wallahi! Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini sijawahi kumwona akiingia na medali. Wageni wametoka kupanda tangu alfajiri, harufu ya kuku imejaa nyumba, wanaangalia kifuniko. Mmoja akamnong'oneza Sabitri, Sabitri akauliza, "Wanataka kujua tunangoja nini. Niwaambieje?"

"Waambie tunasali," Kapteni akadakia.

"Waambie ukweli," Jasmaya akasema. "Waambie mimi nilibeba mawe ya ngazi walizopandia. Waambie huyu mzee anazikanyaga ngazi hizo kila siku na haogi akifika nyumbani. Ila wali wangu anauogopa. Waambie, usipunguze."

"Usithubutu, binti! Unataka watuonaje?"

"Watuone tulivyo."

Kila mtu alikuwa na aibu yake pale. Mimi nilikuwa na yangu, kwa sababu njaa ilinishika na bado nilijua kwamba nikikaribishwa ningetafuta kisingizio kama Kapteni.

Yamkali ndiye aliyesogea. Alipita katikati yetu, akampita mdogo wake bila kumwangalia, akavua viatu, akapanda baraza. Kizingiti akakivuka. Akaketi mahali pa mwenyekiti, akakunja sketi yake vizuri magotini.

"Jasmaya, nipe maji kwanza."

Maji! Wali unaweza kujidanganya kwamba umetakaswa na moto. Maji hayana wa kuyatetea, ndiyo yanayochafuka kwanza kuliko vyote. Tulisikia mwanamke mmoja nyuma yetu akivuta pumzi.

"Dada!" Kapteni akaita. "Umefikiri?"

"Nimefikiri kuliko wewe. Siku ile nilipovunjika mguu kule gengeni, wewe ulikuwa ukitoa amri. Nani alinibeba mgongoni mpaka nyumbani? Huyu hapa Jasmaya. Mkanitoa mgongoni mwake kwenye lango, mkaniingiza ninyi, mkanirushia maji ya kunitakasa, na mimi nikanyamaza. Nimekaa na hilo miaka mitatu linanichoma. Mgongo wake haukunidhuru, chungu chake kitanidhuru?" Akanyoosha mkono. "Mimi ni kiongozi wa kina mama. Mwenyekiti akiugua ninashika nafasi yake. Si unaumwa?"

Jasmaya akamchotea maji kwenye kikombe cha shaba, akampa kwa mikono miwili. Yamkali akanywa mpaka mwisho, kidevu juu, koo linacheza tukiliona sote. Kisha akatwaa tonge la wali, akalichovya kwenye dengu, akala.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Wewe hujambo kulalamika, dada," Jasmaya akajibu, akageukia meko kana kwamba moshi umemwingia machoni. Dhanbir hakusingizia moshi. Alilia pale pale mbele ya wazungu, mtu mzima, mikono imelala magotini. Wageni wakaanza kula bila kujua wamekula nini.

Kapteni hakuondoka. Angeondoka vipi, mwenyekiti kuacha wageni? Alisimama uani koti limemkaa wima. Jasmaya alipomaliza kuwapakulia wote, alijaza sahani ya mwisho, paja la kuku juu, akaja nayo mlangoni. Sisi watu wa nyumba za juu, mhunzi akija na njaa, tulimwekea chakula chake nje ya kizingiti, chini, akiokote. Jasmaya aliinama akaiweka ya Kapteni ndani ya kizingiti.

"Kapteni, chakula chako hiki. Sitakutolea nje, hivyo sivyo ninavyokaribisha watu. Vua viatu uingie."

Hakuingia. Sahani ililala pale mpaka asubuhi.

Alfajiri wageni wakajipanga kuondoka, Yamkali akiwavisha maua. Dhanbir alikuwa ameshawasha moto, nyundo inalia, watu wamepanga foleni na miundu yao. Kapteni akaja mpaka uani, mahali pake palepale.

"Jana nimevumilia kwa heshima ya wageni," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba kumi na moja zina zamu kabla yako. Zamu ikizunguka tena, tutaliangalia upya jambo hili."

Jasmaya alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Hakuiacha.

"Hakuna la kuangalia, mzee wangu. Ikizunguka nitapika, na sahani yako nitaiweka pale pale ndani. Isipoguswa, kuku wangu wananenepa. Ikizunguka tena, nitapika tena. Mimi kupika ni zamu yangu. Kula, hilo ni shauri lako."