Nishani Isiyoingia Kwenye Faili

Jumanne nilikuwa foleni katika ofisi moja hapa Mirongo, wanakoandikisha askari wa zamani watakaokaa viti vya mbele siku ya mashujaa. Mbele yangu alisimama wakili mzee, aliyepigana Vita vya Kagera kabla ya kusomea sheria. Nishani ilikuwa kifuani, inang'aa.

"Shikamoo mzee. Ushahidi kwamba ulipigana?" karani akauliza.

"Marahaba." Mzee akaigonga nishani kwa kidole. "Huu hapa."

"Hiyo haiingii kwenye faili. Leta nakala, iwe na muhuri wa wakili."

Mzee akaenda kuitoa fotokopi, akarudi, akachomoa muhuri wake mfukoni.

"Wakili mwingine, mzee. Utajithibitishaje mwenyewe?"

Akatoka tena. Karatasi aliyorudi nayo ilikuwa na nishani iliyogeuka doa jeusi kama chapati iliyoungua, na muhuri wa wakili aliyezaliwa vita vimeshakwisha.

"Sasa hapo sawa," karani akasema, akamwandika.

Msimlaumu karani. Chuma kila mtu anaweza kuchonga. Karatasi yenye muhuri, nani atathubutu kuighushi?

Siku ya sherehe mzee aliiacha nishani nyumbani. Kifuani alibandika fotokopi kwa pini. Karani, aliyekuwa mlangoni, alimpisha bila swali hata moja.