Sanda ya Mwanangu Nimeipeleka kwa Fundi

Admin, nifiche vizuri, wifi zangu wote wamo humu. Na wakinitambua pia, shauri yao.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nimeolewa hapa Kampala, Kyebando, kwenye familia ya Waislamu wanaojiona watu kweli kweli. Mimba yangu ya kwanza ilinipandisha presha, nikapasuliwa ikiwa na miezi saba. Msichana, kilo moja na kidogo. Wodini mashine ya joto ilikuwa moja, ndani wamelala watoto watatu. Musawo, yaani muuguzi wa zamu, akasema mtoto afungwe kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima. Mimi kidonda kilikuwa kinatoa usaha, natetemeka kwa homa, siwezi. Akamgeukia mama mkwe: "Nnyabo, kifua chako kinatosha. Anataka joto tu maskini, bambi."

Wallahi yule mama alirudi nyuma kama kaonyeshwa nyoka. "Hicho si mtoto, hicho ni cha kuzika." Mbele yangu! Kwao binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Akasema jina lake lisiguswe, haliendi kaburini kabla yake. Kesho yake akaja na mfuko, nikadhani ni uji. Kufungua, bafta nyeupe mpya. Sanda! Mtoto wangu anapumua, ananiletea sanda! "Muwe nayo karibu," akasema, "msije mkahangaika."

Mume wangu alivua shati palepale. Alimfunga binti kifuani kwa leso yangu wiki tatu nzima, wanaume wakimcheka, mamake akimpigia simu kumwita mwanamke. Nikikamua maziwa, yeye ndiye anamnywesha kwa kikombe kidogo. Mtoto akaongezeka uzito, tukaruhusiwa. Nikampa jina nililolipenda mimi. Ile sanda sikuitupa, niliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Leo binti ana miezi kumi, ana meno manne, anavuta nywele za kila mtu. Na mama mkwe? Eti "mjukuu wangu"! Eti akika ifanyike kwake Jumapili ijayo, mashehe waitwe, jina libadilishwe, mtoto aitwe kama yeye. Mume wangu ana furaha: "Mama amelainika, tuyaache."

Mimi sijalainika. Sanda nimeipeleka kwa fundi huko Kamwokya, anashona gauni la marinda, hajui ni nini. Nataka nimvalishe binti yangu siku hiyo. Wageni wakianza kulisifia, nisimame niseme nani alinunua kitambaa na alikinunua cha nini. Nataka niuone uso wake. Kila siku naupigia hesabu uso huo, na nasikia raha, siwafichi.

Kinachonizuia ni mume wangu tu. Yule ni mama yake, na kifua nitakachokiumiza ndicho kilichomwokoa mwanangu. Akinikasirikia mbele za watu, sijui kama tutarudi nyumbani pamoja.

Jana mama mkwe kapiga simu, sauti tamu: "Mwanangu, kitambaa cha gauni la mjukuu nitaleta mimi."

Nikamjibu, "Usijisumbue mama, ulishaleta."

Akacheka. Hakumbuki!

Wa kuniambia nisamehe, kwanza aletewe sanda ya mtoto wake aliye hai. Nyie wengine nishaurini, gauni liko tayari Ijumaa. Nimvalishe?