Mbegu Zilizowekwa kwa Mwenzake

Maharage ya mama hayakuwahi kuwa ya rangi moja. Ukiyamwaga kwenye ungo yalikaa kama watu wanaotoka ibadani siku ya sikukuu, kila mmoja na vazi lake: madogo meusi yanayong'aa, mekundu manene, meupe yenye doa la kahawia, ya zambarau iliyopauka, na yale ya madoadoa ambayo hata kuku waliyapita wakidhani ni changarawe. Mama aliyapanda yote pamoja, bila kuchagua, kwenye shamba letu lililolala mgongoni mwa kilima huko Gwarama. Mvua ikizidi, mekundu yalioza na meusi yakabaki. Mvua ikikatika mapema, meupe yalikuwa yamekwisha kukomaa. Utotoni niliijua miaka ya mboga chache, lakini sikuujua mwaka wa kukosa maharage.

Mchanganyiko ule ulitoka kwa bibi, mama yake mama, naye alipewa na mama yake siku aliyokwenda kwa mumewe. Ndiyo desturi ya upande wao: binti hupewa mbegu anapoolewa. Mimi sijaolewa. Ninaishi Kasulu mjini, chumba na sebule, ninaandika riwaya, na nyuma ya nyumba nina viroba nilivyovijaza udongo na samadi. Humo ninapanda mchicha, figiri na vitunguu vya majani. Ninamwagilia maji niliyooshea mboga na mchele, na maganda ya ndizi ninayaozesha kwenye pipa lililotobolewa matundu. Asubuhi ninapopaswa kuwa mezani ninaandika, mara nyingi utanikuta nimechuchumaa nje, vidole vimejaa udongo, nikiangalia jani jipya la figiri kana kwamba ndilo sentensi niliyokuwa ninaitafuta.

Maharage sikupanda. Ya kula yalinijia kwenye mfuko kutoka nyumbani, na siku niliyomwomba mama ya kupanda, alicheka kwenye simu.

"Mbegu unataka? Lete mkwe kwanza."

"Mama, hivi viroba havijui kama nimeolewa au sijaolewa."

"Mimi ninajua."

Ningeweza kuchota machache kwenye mfuko wa kula, kwa kuwa ni yale yale. Lakini nilitaka kupewa. Nilitaka siku moja nishike kibuyu kile mbele ya watu, na mama aseme maneno ambayo mama yake alimwambia, maneno ambayo alikataa kabisa kunitajia kabla ya wakati wake. Nilidhani muda upo.

Kuna desturi nyingine inayokwenda na hiyo. Baada ya mavuno, mbegu ya msimu ujao haikai kwa mwenyewe. Unaichanganya na majivu, unaitia kwenye kibuyu, unaziba mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha unampelekea mwenzako, na yeye anakuletea cha kwake. Kila mwanamke anatunza mbegu ya mwingine. Sababu yake ni njaa. Miezi ile ghala linapokuwa tupu na mvua bado iko mbali, mbegu yako mwenyewe inakuita kila unapopita chini ya dari. Ya mwenzako unaionea aibu. Msimu ukiiva mnarudishiana vibuyu, mnapanda, na mkivuna mnaweka mbegu mpya.

Kwa miaka mingi kibuyu cha mama kilikaa kwa wifi yake, shangazi yangu. Shangazi alipofariki, mama alikaa na mbegu zake ndani kwa wasiwasi, mpaka alipompata yule Mrundi.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Alikuja shambani akiomba kupalilia ili apate chakula cha kuongezea mgao. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Hawakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni kama nyumba mbili zinazotenganishwa na ua wa mabua: mama akisema *imbuto*, yaani mbegu, yule naye kwao ni *imbuto*. Walianza kulima sambamba, na kabla jua halijapanda walikuwa wameshaanza kuchokozana.

"Nyie Waha," alisema yule mgeni, "mnapalilia kama mnaogopa kuliamsha shamba."

"Na nyie mnapalilia kama mnafukuzwa," mama akajibu.

Neno lilipomtoka, mama alisimama na jembe mkononi, uso umembadilika. Yule mwanamke akamtazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye tuta.

"Si tumefukuzwa kweli," alisema akijifuta macho. "Umeona sasa. Ndiyo maana ninamaliza tuta kabla yako."

Alikuwa na mbegu zake mwenyewe, alizotoka nazo kwao zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Alizipanda kuzunguka kibanda chake kambini, penye nafasi isiyotosha kulaza mkeka. Maharage yake yalikuwa ya kutambaa, yenye maua ya zambarau, na mama aliyatamani waziwazi. Hakuomba. Walipobadilishana vibuyu kwa mara ya kwanza, yule mwanamke alikipokea cha mama kwa mikono miwili, akakipima uzito.

"Basi tumekuwa wake wenza," alisema.

"Na mume wetu nani?"

"Njaa. Huyo hana ubaguzi, analala kwa kila mmoja kwa zamu."

Tangu siku hiyo waliitana hivyo, mke mwenza, na watu wa sokoni wasiojua habari waliwashangaa, mjane wa Gwarama na mkimbizi wa Mtendeli wakiulizana hali ya mume.

Kisha soko likataka njano. Wenye malori kutoka Kahama walitaka maharage ya njano matupu, na mchanganyiko wa kina mama wakauita takataka mbele yao. Majirani walibadilika mmoja baada ya mwingine. Mama alichelewa, lakini jiko lake lilikuwa linavuja na nyasi za kuezekea siku hizi zinafuatwa mbali. Akapanda shamba lote njano. Mchanganyiko uliokuwa ndani tuliula polepole, na uliobaki ukapikwa kwenye msiba wa jirani. Nilimuuliza kama haogopi kuimaliza mbegu.

"Zangu zipo kwa mke mwenza," alisema. "Ziko salama kuliko zingekuwa hapa."

Na zilikuwa salama. Kila msimu yule mwanamke alipanda kidogo za mama kuzunguka kibanda, akavuna, akaweka mpya. Njano nayo ikakubali. Jiko likapata mabati. Mama aliponipigia simu mvua ikinyesha, aliiweka simu chini ya paa lake jipya ili nisikie, na sote wawili tukaisikiliza.

Kambi ilipofungwa, habari zilitufikia kama zinavyofika habari za aina hiyo, vipande vipande. Wengine walipelekwa kambi ya Nduta, upande wa Kibondo. Wengine walirudi kwao. Mama alisikia sokoni kwamba mabasi yameanza kuondoka, na kabla hajapata mtu wa kumtuma, alisimama dereva wa bodaboda uani, hata injini hakuizima.

"Wewe ndiye mke mwenza?" aliuliza, akiona haya kutamka.

"Ndiye mimi."

"Yule mama amesema kibuyu chako amekibeba. Hakuwa na ruhusa ya kuja huku. Amesema asingeweza kukiacha kwa mtu mwingine."

Mama alimshukuru, akampa ndizi. Aliponisimulia kwenye simu hakuonyesha wasiwasi. Alimsifu. Nani angefanya vile siku ya kuhama, mtu anachagua kati ya sufuria na blanketi, yeye anabeba kibuyu cha watu? Nami nilimsifu. Kwa desturi ile alifanya kama inavyotakiwa: mbegu ya mwenzako haipitishwi kwa mtu wa tatu.

Msimu uliofuata mvua haikupumzika. Njano ilichipua vizuri, ikafika kimo cha goti, kisha majani yakaanza kugeuka rangi kutoka chini. Ukivuta mche, unakuja mkononi bila mzizi. Hapakuwa na meusi ya kubaki. Shamba lote lilikuwa rangi moja, nalo likafa mara moja. Mama alizunguka kwa majirani kuulizia mchanganyiko wa zamani, hata konzi moja. Kila mlango aliopiga hodi, walikuwa na njano, au hawakuwa na kitu.

Nikapanda basi kwenda Kibondo. Nilikaa kwenye benchi la mama lishe karibu na stendi, mahali wanapopita watu wa Nduta wenye vibali vya kwenda hospitali, nikawa ninauliza. Niliwatajia alama za yule mwanamke: mrefu, anacheka sana, anatembea na kibuyu. Wengi walitikisa kichwa. Mmoja, aliyekuwa akimlisha mtoto uji, aliinua uso.

"Yule wa kibuyu? Huyo hakuja huku. Alipanda basi la kurudi kwao. Alikuwa amekipakata hivi," akamkumbatia mtoto wake kunionyesha.

"Kwao wapi? Mkoa gani?"

"Dada yangu, Burundi watu wanasema ni ndogo. Mtafute mtu mmoja ndipo utaiona."

Namba yake ya simu niliyokuwa nayo haikupatikana. Haijapatikana mpaka leo, ingawa bado ninaijaribu.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka Gwarama kumpa mama habari. Alinisikiliza akiwa anachambua mboga, hakunyanyua macho. Juu yetu, kwenye dari lililojaa moshi, kilining'inia kibuyu kingine, cha yule mwanamke, mdomo umezibwa kama siku kilipoletwa.

"Tupande hizi, mama."

"Si zangu."

"Yeye ameondoka na zako."

"Ameondoka nazo kuzitunza. Siku akisimama hapo mlangoni nitamwambia nini? Nimekula mbegu yako?"

"Kupanda si kula."

"Kwa mwenye nayo ni yale yale. Zikioza kama zilivyooza zangu, nitamrudishia matope?"

Sikumshinda. Nami sikutaka sana kumshinda, ndilo linaloniuma. Kulikuwa na uzuri katika kukataa kwake, na mimi ni mtu wa kuchukuliwa na uzuri. Nilirudi Kasulu nikaandika kurasa nzima kuhusu kibuyu kinachomngoja mwenyewe. Kumbe wakati ninaandika, kilichokuwa ndani kilikuwa kinakufa kimyakimya. Harage si kama jiwe. Lisipoingia ardhini linachoka, hata majivu yawe mazuri namna gani, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Alilijua, akangoja. Msimu ukapita akiwa amepanda mihogo tu. Ukaja mwingine, akasema labda huyu mtu anatafuta njia ya kuja. Ukapita nao.

Mwaka huu alinipigia simu mwenyewe, akasema nije nimsaidie kufungua. Hakusema nini. Tulikaa jikoni, akaupasua mdomo wa kibuyu kwa kisu, akamwaga kwenye ungo. Yalionekana mazima. Hakuna lililotobolewa na mdudu, hakuna lenye ukungu. Aliyapuliza majivu, akayapapasa kwa kiganja muda mrefu, akiongea nayo kwa Kiha, akimwomba radhi mwenyewe. Tukapanda sehemu nzuri kuliko zote, nyuma ya nyumba, penye kivuli cha migomba asubuhi na jua mchana, na tukachomeka miti ya kutambalia kabla hata hayajaota, kama watu wanaotandika kitanda cha mgeni.

Niliomba likizo kwa viroba vyangu, nikabaki. Kila asubuhi mama alinitangulia pale. Mvua ilikuwa ya kiasi, udongo ulikuwa mwepesi, hapakuwa na cha kulaumu. Machache yaliinua shingo, huku na kule, membamba na yaliyopauka. Mengine yote, tulipofukua, yalikuwa yamelainika ndani ya ganda, hayakuwa na chipukizi. Miti yetu ilisimama mistari kwa mistari bila kitu cha kushika.

Mama alichuchumaa kwenye mche mmoja, akaukusanyia udongo kwa vidole.

"Ningezipanda mwaka ule," alisema.

Nilimwambia yale wanayosema watoto kwa wazazi wao, kwamba hata haya machache yatazaa, kwamba tutaanza upya. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha kwenye udongo, akaelekeza uso magharibi, upande wa mpaka.

"Mimi ninamfikiria yeye," alisema. "Unamjua alivyo. Hataki hata kijiti cha mtu kipotee mkononi mwake."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anamsifu, kama alivyomsifu siku zote.

"Huko kwao ana kibanda sasa," mama akaendelea, "na kishamba kidogo, labda. Na kibuyu changu amekitundika juu ya moto, kama mimi nilivyokitundika chake. Kambini alizipanda kwa sababu mimi nilikuwa karibu, angenirudishia. Sasa niko mbali. Mke mwenza hatazigusa."

Kuku walikuja wakaparua pale tulipofukua, wakayadonoa yale maharage laini, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.